Vidole vya Marselina

Miaka ile reli ilipokuwa bado mpya kule Mpanda, wanawake wa kijiji cha Usevya walikuwa wakipikia kwenye vyungu, na chungu cha Marselina ulikijua kabla hujaambiwa ni cha nani. Kilikuwa chembamba na chepesi, ukikigonga kwa ukucha kinalia. Watu waliokuja kununua mpunga waliondoka na vyungu vyake wamevifunga kwa nyasi visivunjike njiani.

Marselina alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Kasilda. Hakumfundisha kwa maneno. Kasilda akiuliza jambo, mama yake alimjibu, "Tazama," kisha akaendelea kufinyanga. Basi mtoto alitazama. Alikaa mbele ya mama yake na bonge lake la udongo; mama akiinama, naye anainama; mama akitema mate pembeni, naye anatema. Tereza, jirani yao na rafiki wa Marselina tangu ujana, alikuwa akiwacheka.

"Huyu hata kikohozi chako amekichukua," alisema.

Ugonjwa wa Marselina ulikuja polepole. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilianza kujikunja, halafu vikakataa kunyooka. Alisema ni baridi ya udongo. Akajizoesha kufanya kazi navyo hivyo hivyo: aliviingiza ndani ya chungu na kuusukuma ukuta kwa migongo ya vile vidole, na vyungu vikatoka vyembamba kuliko zamani. Watu walivisifu. Hakuna aliyeuliza.

Siku moja alipokuwa akichoma vyungu, aliokota kaa la moto kwa mkono ule na kulirudisha kwenye moto kama mtu anayeokota hindi. Tereza alikuwepo. Aliyepiga kelele ni yeye, si mwenye mkono. Habari zikamfikia jumbe, na dresa, mhudumu wa tiba wa kambi ya wakoma, akaja kumtazama. Marselina aliondoka Usevya kwenda kambini, mkeka wake kichwani, akimkataza bintiye asimsindikize.

Kasilda alikuwa msichana mkubwa tayari. Alibaki katika nyumba ya mama yake, Tereza akimwangalia, akaendelea na kazi. Vyungu vyake vililia vilevile. Wanawake walisema Marselina hajaondoka. Mwaka uliofuata Valeriani, kijana wa kijiji cha Mamba aliyekuwa akipitapita pale kwa visingizio vya kila namna, alileta posa, na Kasilda alifurahi mpaka akaunguza wali mara mbili katika wiki moja.

Shangazi yake Valeriani, Hilaria, ndiye aliyetumwa kuja kumtazama mchumba. Alimkuta uani, chungu kikiwa nusu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Usinyanyuke, endelea na kazi yako."

Tereza alimletea mgeni kigoda na maji. Hilaria alikunywa kidogo, akawa anatazama. Alitazama kwa muda, kisha akakishusha kikombe chini.

"Mbona umevikunja vidole hivyo?"

Kasilda aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekunjwa ndani ya chungu, vikisukuma ukuta kwa migongo.

"Nimevikunja?" aliuliza.

"Ni kazi tu, dada," Tereza aliharakisha kusema. "Mtoto hana kitu."

"Sikusema ana kitu," Hilaria akajibu. Maji hakuyamaliza. Chakula alisema ameshiba.

Kesho yake mwanamke mmoja wa jirani alikitoa nyuma ya nyumba chungu alichonunua kwa Kasilda, akakivunja. Hakusema kwa nini. Mwenzake aliyemwona naye akatoa chake. Haikuchukua muda, vigae vilikuwa vimezagaa nyuma ya kila nyumba, na ungemuuliza yeyote angekwambia kwamba ameona wengine wakifanya. Kasilda alikuwa akitoka mtoni alipomkuta Tereza naye ameinama, mchi mkononi, juu ya mtungi aliopewa na Marselina siku ya harusi yake.

"Hata wewe, mama?"

Tereza hakuinuka. "Mimi najua huna kitu, mwanangu. Lakini nikibaki nao peke yangu, nani atakuja kunywa maji kwangu?"

Kasilda alifunga safari kwenda kambini, akalala njiani kwa watu wasiomjua. Dresa, Rafaeli, alikuwa mtu mpole mwenye mvi chache. Alimfunga macho kwa kitambaa, akampitishia unyoya kwenye ngozi, akamchoma kwa sindano hapa na pale, na kila mahali Kasilda alisema, "Hapo."

"Nyoosha vidole."

Akavinyoosha vyote.

"Huna ugonjwa," Rafaeli alisema. "Sasa kwa nini unavikunja?"

"Ndivyo chungu kinavyofinyangwa."

Rafaeli akamwita Marselina.

Mama alikuwa amekonda, na sasa mkono wa kushoto nao ulikuwa umeanza. Walikaa chini ya upenu, wameacha nafasi kati yao kama walivyoagizwa. Kasilda alipomaliza kueleza, mama yake alijifunika uso kwa kanga.

"Mimi nilikuwa nakwambia utazame," alisema. "Na wewe ukatazama, mwanangu. Ukachukua vyote."

Akaomba udongo, wakaletewa kutoka mtoni. Alitaka kumwonyesha jinsi alivyokuwa akifinyanga zamani, alipokuwa msichana, vidole vikiwa vimenyooka. Alijaribu. Mikono haikukubali. Akaanza kueleza kwa maneno, "Unaweka hivi, unavuta, si kuvuta sana, kidogo, kama... kama vile..." Akakwama. Katika maisha yake hakuwahi kuyahitaji maneno hayo, na sasa hakujua yanapatikana wapi. Bonge lilibaki magotini pake mpaka likaanza kukauka.

"Nenda nyumbani," alisema mwishowe. "Ujifunze upya."

Rafaeli alikwenda mwenyewe Usevya. Jumapili, baada ya sala, katekista alimpa nafasi, naye akatangaza mbele ya watu wote kwamba Kasilda ni mzima, amempima kwa mikono yake. Watu waliitikia kwa vichwa. Walifurahi, wengine walimshika Kasilda begani. Kisha kila mmoja akamtazama mwenzake aone nani atakuwa wa kwanza kwenda kununua chungu. Hakuna aliyekwenda.

Kasilda alijifunga kijiti kwenye vile vidole viwili visijikunje. Alifinyanga hivyo kiangazi chote. Vyungu vilitoka vinene, vimeinama upande, na motoni vilipasuka kimoja kimoja kwa kishindo, yeye akiwa amekaa mbali kidogo akivisikiliza. Wanawake walianza kuagiza sufuria za bati kutoka madukani Mpanda. Nyumba moja ilipokuwa nazo, ya pili ilizitaka.

Valeriani alikuja mara moja tu. Alisimama nje ya ua, hakuingia. Mahari ilikuwa imeshapelekwa kwingine.

"Mimi sikusema kitu juu yako, Kasilda," alisema.

"Ndiyo. Hukusema kitu."

Alingoja kana kwamba kuna neno lingine, kisha akashika njia ya Mamba.

Mvua za kwanza zilileta habari kwamba Marselina amefariki. Kasilda alipofika kambini walikuwa wameshamzika. Rafaeli alimwonyesha kaburi na kumpa kanga ya mama yake iliyokwisha kufuliwa. Alikaa pale mpaka machozi yakamwishia. Kisha wagonjwa wakamletea chakula kwenye bati lililotoboka, wakimwomba radhi kwamba hawana chombo kizuri.

Alipomaliza kula alikwenda mtoni kuchimba udongo. Alikaa mahali mama yake alipokuwa akikaa, akakifungua kile kijiti, na vidole vikaenda vyenyewe mahali pake. Wagonjwa walikuja kutazama mmoja mmoja. Hakuna aliyemuuliza habari za vidole.

Usevya hakurudi tena kukaa. Alijengewa kibanda nje kidogo ya kambi, na kwa miaka mingi wagonjwa walipika na kunywa kwenye vyungu vyake.

Tereza alimfuata huko mara moja tu, akiwa tayari mzee. Walizungumza mchana kutwa habari za Marselina, wakalia, wakacheka kidogo. Kuhusu mtungi hakuna aliyegusia. Alipoaga, Kasilda alimpa chungu kipya. Tereza alikigonga kwa ukucha, kikalia, akakipokea kwa mikono miwili na kukibeba kichwani njia yote. Alipokaribia Usevya alikishusha, akakifunga ndani ya kanga, kisha akaingia kijijini.