Jina Lililopigwa Msasa

Apolinaria Lugembe wa Kwihara aliachiwa na baba yake shamba la karanga na gari moja kuukuu aina ya Pijo, lililowahi kushindana katika mbio za magari. Mwenye gari alikuwa Mgiriki, mkulima wa tumbaku kule Goweko. Yeye ndiye aliyeendesha, na Anton, baba yake Apolinaria, alikaa pembeni akisoma ramani, na gari likiharibika akilitengeneza. Mgiriki alipohama nchi alimwachia gari. Tangu siku za mashindano Anton alikuwa amechukua brashi na rangi nyeupe, akaandika jina lake kwenye mlango wa kushoto, upande aliozoea kukaa.

Baada ya Anton kufariki, wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara nyingi. Apolinaria aliwafukuza wote, hata mwaka wa ukame ndugu zake walipomwambia kwamba chuma hakiliwi wala hakinyeshewi kikaota.

Aliyemwelewa ni mtu mmoja tu, Valentino, fundi mwenye gereji mjini Tabora, mgonjwa wa magari ya kale. Karibu kila Jumamosi alikuja na oili na matambara, akajifungia bandani na lile gari. Apolinaria alikaa karibu akibangua karanga na kumsimulia habari za baba yake. Valentino alipenda zaidi kisa cha mto. Mvua zilikuwa zimeufurisha, magari mengine yamekwama ng'ambo ya huku. Anton aliingia porini kwa warina asali, akarudi na nta, akaipaka kwenye nyaya za plagi ili maji yasizime moto. Wakavuka. Valentino alikiomba kisa hicho tena na tena, hata ikawa Apolinaria akisahau mahali, yeye ndiye anayemkumbusha.

Kisha zikaja habari kwamba chama cha wapenzi wa magari ya kale kutoka Dar es Salaam kitapita Tabora na msafara wake kuelekea Kigoma, na kwamba kutakuwa na maonyesho. Valentino aliomba alipeleke gari gereji alifufue. Apolinaria alikubali bila kuuliza la pili.

Siku ya maonyesho alivaa kitenge chake cha Pasaka, akatia kwenye mkoba picha ya baba yake na Mgiriki wakiwa wameegemea gari lenye matope, akaenda uwanjani. Gari lilikuwa liking'aa, na injini ilikuwa ikinguruma. Machozi yalimlenga. Akazunguka upande wa kushoto kulitazama jina.

Halikuwepo. Mahali pake palikuwa pamebandikwa jina la marehemu baba yake Valentino, mzee aliyefanya kazi reli maisha yake yote na hakuwahi kuligusa gari lile.

Valentino alikuwa amempa mgongo, akiwasimulia wageni kisa cha mto. Hakuacha kitu. Mvua ilikuwemo, na warina asali, na nta, hata ule utani kwamba fundi alirudi nyumbani ananuka asali mpaka nyuki wakamfuata mlangoni, ambao Anton alimwambia binti yake peke yake. Aliyekosekana ni Anton; mahali pake alitajwa mzee wa reli. Wageni walipiga makofi.

Apolinaria alingoja waondoke. Valentino alipogeuka alimwamkia, na yeye akaitikia marahaba kwa mazoea. Kisha akauliza jina limekwenda wapi.

"Tulipiga msasa, dada. Rangi mpya isingeshika juu ya ile ya zamani."

"Na baba yangu naye mlimpiga msasa?"

Valentino aliwaonyesha wageni kwa kidevu. "Hawa wote wana baba zao au babu zao kwenye mashindano yale. Mimi nilikuwa na spana tu. Waliponiuliza, maneno yakanitoka."

"Ungewaambia umelitunza. Ilikuwa kweli, na ilitosha."

Apolinaria alimpelekea picha Zuena, mwenyekiti wa chama kile cha magari. Kwenye mlango, chini ya matope, jina la Anton lilisomeka. Zuena akamwita Valentino, naye hakukana. Alilibandua jina la baba yake kwa kucha, watu wakimtazama. Zuena aliwakusanya wageni akamwomba Apolinaria asimulie mwenyewe. Alianza vizuri, lakini alipofika mtoni akasikia kila neno likija kwa sauti ya Valentino. Akakiacha kisa hapo.

"Baba yangu aliitwa Anton Lugembe," alisema, akarudi kukaa.

Jioni gari lilipaswa kurudi Kwihara, na hakuna aliyejua kuliwasha isipokuwa Valentino. Apolinaria aliketi kiti cha kushoto. Walipofika, Valentino alizima injini, akaanza kueleza kwamba angeweza kuliandika upya lile jina kwa kunakili picha, herufi kwa herufi.

"Mkono wa baba yangu huwezi kuunakili," Apolinaria alimwambia. "Gari umelifufua, na kwa hilo ahsante. Lakini usije tena hapa."

Valentino alirudi mjini kwa miguu. Jumamosi iliyofuata Apolinaria alikwenda Itetemia kutafuta fundi mwingine, na huyo alipomuuliza gari lilikuwa la nani, Apolinaria alimjibu kwamba ni la kwake, basi. Kisa cha mto hakukisimulia.