Picha Isiyo na Kaburi

Veronika, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, anasema aliona kwa macho yake. Anasema alikuwa anakata majani ya ng'ombe, akamwona mwanaume wa shati jeupe anaingia kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, na kamera shingoni. Yule mwanaume akapiga hatua kutoka mlangoni mpaka kwenye kaburi la baba, anahesabu kwa sauti, akaandika kwenye daftari, kisha akapeana mkono na mama. Na mama akacheka. Hapo kwenye kucheka ndipo Veronika anapokazia.

"Mjane anacheka na mpima viwanja," anasema. "Mimi nilijua siku hiyo hiyo kihamba kimeondoka."

Yote hayo aliyoyaona ni kweli. Ila mtu yule hakuwa mpima viwanja. Alikuwa Calvin, na aliyemleta ni mimi.

Mimi nafanya kazi mjini Moshi, kwenye duka la intaneti la Jasvinder. Nafagia, natoa kopi, naskani vyeti vya watu. Nimeishia darasa la saba, na Kiingereza sijui, lakini ukikaa miaka miwili nyuma ya watu wanaobonyeza mashine, mkono nao unajifunza. Calvin anachora ramani za nyumba kwa mkandarasi mmoja hapo mjini. Akitoka kazini anakuja, anakaa mashine ya mwisho, anaingia kwenye ukumbi wa mtandaoni wa watu wanaopenda majengo. Wako nchi nyingi, hawajuani hata sura, na wana mchezo wao. Mmoja anaweka picha ya mahali. Anayefuata anaichukua, anaondoa kitu kimoja, anaweka kingine, anairudisha. Anapokea mwingine, hivyo hivyo mpaka wafike ishirini. Sheria ni moja: kilichoondolewa hakirudishwi.

Mwanzoni nilikuwa nasimama tu nyuma ya kiti chake. Siku moja akaniachia mausi.

"Haya, Eunike, zamu yetu. Toa kitu."

Nikatoa nguzo ya taa kwenye mtaa wa watu, nikapanda mgomba. Kesho yake Calvin akanisomea majibu, anacheka. Mtu wa Ufini, ambaye sisi tulimwita Mzee wa Vioo kwa sababu kila zamu yake aliweka vioo, alisema mgomba ule ni kitu bora kuliko vyote vya wiki ile. Sijawahi kusifiwa na mtu wa mbali namna hiyo. Nililala nao ule mgomba kichwani.

Ndipo Calvin akasema watu wamechoka picha za miji, tuwape mlima. Nikamwambia kwetu Mbokomu panapendeza. Alipokuja, mama alikuwa amefagia uwanja tangu alfajiri. Calvin akapima kwa hatua, kwa sababu wenzake huuliza ukubwa. Akamwambia mama, "Nyumba yako itafika Ulaya kabla yako, mama." Ndiyo kile kicheko.

Hapa lazima niseme habari ya kaburi. Baba alifariki miaka minne iliyopita. Mama alinizaa mimi peke yangu, mtoto wa kike, na kwetu kihamba hurithi mwanaume. Tangu siku za matanga, baba mdogo Ebenezeri anasema kihamba kiende kwa mwanawe, na mama ajengewe chumba kule kwake, nyuma ya zizi. Mzee Elisaria, mkubwa wa ukoo, alikataa. Alisema maadamu mama anatunza kaburi la mume wake na masale, majani yetu ya heshima, yaliyopandwa kulizunguka, hakuna wa kumtoa. Mama anaishi kwa neno hilo.

Picha yetu ilizunguka wiki tatu. Mmoja alitoa zizi akaweka ngazi ya mawe. Mwingine aliinua paa, nyumba ikawa ghorofa. Mimi kila siku nilikuwa naikimbilia kuitazama kabla sijashika ufagio. Zamu ya saba ikawa ya Mzee wa Vioo. Nikaona pale kwenye kaburi la baba pamekuwa bwawa dogo la maji, na kilele cha Kibo kimelala ndani yake kichwa chini.

"Anasema ameondoa sakafu ya zege isiyo na kazi," Calvin akasoma. Akageuka kuniangalia. "Tumwambie?"

Niliitazama muda mrefu. Ile picha ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuona chenye jina la kwetu.

"Mwache," nikasema.

Aliyefuata aliondoa masale, akajenga ukuta. Huyo naye nikamwacha.

Picha ilipofika ishirini nikaomba kopi ya rangi. Jasvinder akaishika mwenyewe ilipotoka kwenye mashine.

"Hoteli ya nani hii?"

"Nyumbani kwetu."

"Usinidanganye, wewe. Basi kesho mimi ndiye nitakuja kufagia kwako." Akanipa bure.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaisogeza dirishani. Nilingoja aseme jambo kuhusu ghorofa, au ngazi.

"Baba yako wamemweka wapi?"

"Ni mchezo tu, mama."

Aliigeuza uso chini, akaiweka chini ya kitambaa cha meza. Siku mbili baadaye Veronika alikuja kuomba chumvi, akaiona pembe yake, akaivuta. Alisema anakwenda kuwaonyesha wanawe. Kwa baba mdogo ndiko ilikofika.

Jumapili baada ya ibada tuliitwa mbele ya wazee wa ukoo. Picha ilikuwa mezani, imewekewa kikombe ili isipeperuke.

"Hii ni ramani," akasema baba mdogo. "Tazameni, ina hata vivuli. Nani anachora vivuli kwa mchezo? Wamekwishauza. Hapa ndipo wageni watakapoogelea, juu ya kaka yangu."

Mzee Elisaria alivaa miwani. Alipitisha kidole kutoka mlangoni, taratibu, mpaka pale kwenye maji.

"Na masale?"

Nikapiga magoti, nikaeleza kila kitu: mchezo, zamu, sheria.

"Unacheza na nani?" mzee akaniuliza.

"Na watu wa kwenye kompyuta, babu."

"Majina yao?"

Nilikuwa na jina moja tu, la Mzee wa Vioo, nikalitaja. Wanaume wawili wakacheka. Mzee Elisaria hakucheka.

"Watu usiowajua majina umewapa kaburi la baba yako walichezee."

Nilitaka mama aniangalie. Alikuwa anaangalia viganja vyake.

"Kaburi lipo," mzee akaendelea. "Nimepita hapo asubuhi. Ninachotaka kujua ni nani alikusudia nini. Jumamosi mleteni huyo aliyepiga hatua. Asimame hapa aseme nani alimtuma. Asipokuja, sitakuwa na la kumjibu Ebenezeri."

"Shemeji akihamia kwangu kabla ya mvua itakuwa vizuri," akasema baba mdogo, kwa sauti ya upole kabisa. "Njia huteleza."

Jumatatu nikamweleza Calvin. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akafuta kioo cha mashine kwa mkono wa shati ingawa nilikuwa nimeshakifuta.

"Bosi wangu akisikia napima vihamba vya watu, nimekwisha. Unajua kesi za viwanja zilivyo. Nitakuandikia barua."

"Barua bila mtu wataiita ramani ya pili."

"Basi nitawaandikia wenzetu."

Akaandika kwenye ukumbi kwamba ile sakafu ilikuwa kaburi. Jumatano majibu yakaja. Mzee wa Vioo alisema anasikitika sana, hakujua, na bibi yake naye amezikwa shambani. Mwingine aliuliza kama picha inaweza kurudiwa. Wakabishana mistari mingi. Mwisho wakakubaliana sheria ibaki ilivyo, ila tunaruhusiwa kuanza upya na picha nyingine. Calvin alinisomea kama mtu anayeniletea dawa.

Mama hanigombezi. Siku hizi akimaliza kukamua anakwenda kaburini, anang'oa majani yasiyokuwepo. Jana nilimkuta anafunga vyombo vya chai kwenye gazeti, kimoja kimoja.

"Unafunga nini, mama?"

"Vikikaa wazi vinaingia vumbi."

Leo Ijumaa Calvin alikuja saa kumi na moja kama kawaida. Nilingoja mteja wa pembeni aondoke, nikasogea.

"Kaka Calvin, kesho ni saa nne. Gari la Mbokomu linaondoka saa mbili, nauli nimeshaiweka. Huna haja ya kusema maneno mengi. Sema jina lako, na useme aliyekuita ni mimi, siyo mama. Basi. Wakinihukumu mimi wanihukumu."

Kwenye kioo kulikuwa na mtaa wa nchi ya theluji, nyumba nyembamba zimebanana. Ilikuwa zamu yake. Alikuwa anauzungushia mti mstari ili autoe, na mstari ulikuwa hauungi, anaanza tena.

"Calvin. Utakuja?"

Akauanza mstari upya. Nikasimama nyuma ya kiti chake, nangoja. Jasvinder alianza kuzima mashine za mstari wa mbele.