Alivyoruka Tavarius Boone

Tavarius Boone alikuwa bado hewani, kichwa chini miguu juu, mpira kaukumbatia kifuani, nilipokiona kitambaa cha njano, kile cha marefa cha kuonyesha kosa, kikirushwa kutoka pembeni mwa uwanja. Watu elfu sitini waliovaa zambarau walikuwa wameinuka, wazee wanalia, watu wanakumbatiana na wasiowajua. Mimi nilikaa. Mkono uliokirusha nilikuwa naujua, maana ulikuwa wa baba yangu.

Jamani, mbio zile! Hata leo nikizisimulia nywele zinanisimama. Zilibaki sekunde chache, timu ya nyumbani ilikuwa nyuma kwa pointi nne, na goli moja ni pointi sita, na haikuwa imewafunga wale wapinzani wa ng'ambo ya mto tangu niko shule ya msingi. Tavarius akapokea mpira katikati ya uwanja, akazungukwa na wanaume wanne, kila mmoja kama kabati la nguo. Nikasema huyu kwisha. Akapita. Alipitaje, usiniulize. Nilimwona tu katokea upande wa pili, nyasi tupu mbele yake, anakimbia kama ardhi inamsukuma. Yadi tatu kabla ya mstari wa goli, mtoto wa watu furaha ikamzidi. Akajirusha, akapinduka juu kwa juu, akatua kwa miguu miwili ndani.

Na hapo ndipo penye balaa. Kanuni ya mpira wa Kimarekani wa vyuo haina mzaha na furaha. Ukileta madoido ukiwa umeshavuka mstari, utaadhibiwa lakini pointi zako unabaki nazo. Ukianza kabla hujavuka, pointi zote zinafutwa na mpira unarudishwa nyuma. Huku kwetu Alabama kila mtu anaijua kanuni hiyo, na kila mtu anaichukia.

Mwamuzi mkuu alipotangaza kwenye vipaza sauti kwamba hakuna goli, benchi lilitetemeka chini yangu. Chupa zilianza kuruka. Aliyerusha kitambaa walimwona wote: yule mrefu mwenye mvi, ndani ya shati la milia la marefa, kasimama pale mstarini, mikono mgongoni, kama mtu anayesubiri basi.

Kushoto kwangu alikuwa mama, na kushoto kwake jitu moja linaitwa Harlan, ambalo tangu mchezo uanze lilikuwa linatugawia njugu za kuchemsha. Harlan hakujua sisi ni nani. Familia ya refa haijitambulishi. Tunavaa kijivu, hatupigi makofi, hatuguni. Mama alikuwa hodari kiasi kwamba hata soda akinunua, ile bilauri yenye nembo ya timu anaigeuzia kifuani, nembo isionekane. Miaka yote ya ndoa yake alikwenda viwanjani hivyo, kimya, na kila kiwanja alisikia mumewe akitukanwa.

"We zee la milia!" Harlan alinguruma. "Pundamilia mkubwa we! Mtoto kafurahi, kosa lake nini? Kamuua nani?"

Mpira ukarudishwa nyuma. Ikabaki nafasi moja tu. Tavarius akatumwa tena, mpira ukarushwa mbali, ukamgusa ncha za vidole, ukaanguka. Mchezo ukaisha. Akabaki kapiga magoti pale nyasini, na hakuna aliyethubutu kumsogelea.

Harlan alikuwa analia waziwazi. Akamgeukia mama. "Nakuapia, mama, yule mtu hajawahi kufurahi hata siku moja tangu azaliwe. Na mke hana. Mwanamke gani atakaa na mti mkavu vile?"

Mama akakung'uta maganda ya njugu mapajani.

"Mke anaye," akasema. "Ni mimi. Na njugu zako tamu, ahsante."

Harlan akamkodolea macho. Akavua kofia. Watu wa safu ya mbele wakageuka kututazama.

"Mama... mama yangu, nisamehe."

"Kumkasirikia huna kosa, mwanangu. Hata mimi nimemkasirikia. Ila hilo la mke, ulipitiliza."

Mama angeweza kucheka. Mimi sikuweza, kwa sababu lile neno jingine la Harlan lilinichoma. Hajawahi kufurahi. Ni jambo nililojiuliza tangu utotoni. Siku niliyohitimu chuo, baba alinipa mkono kama tumekutana posta. Kwenye harusi yangu alikaa kiti cha karibu na mlango, tai kaibana, hadi muziki ukaisha. Nilimpenda, lakini sikujua kama ndani mle mna mtu. Na sasa mbele ya umati ule alikuwa amekutana na furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kuona, akaifuta.

Polisi walimtoa uwanjani kupitia mlango wa nyuma. Tulimkuta kwenye mgahawa wa njia kuu, nje ya mji, bado kuna mwanga. Amebadili shati. Tukaagiza kambare wa kukaanga. Tulikula mpaka nikashindwa kujizuia.

"Baba, usingeweza kuliachia tu?"

"Aliruka kabla ya mstari, Lenora. Nilikuwa nimesimama palepale."

"Najua. Nakuuliza kama usingeweza."

Aliweka uma chini, akaupanga sawa na kisu. Halafu akaniangalia.

"Lakini ulimwona?" akaniuliza. "Kule juu mlikokaa, mlimwona vizuri?"

Nikasema nilimwona.

"Hapana, ninyi mlikuwa mbali." Akasukuma kiti, akasimama katikati ya meza za mgahawa, baba yangu Everett Stroud, mbele za watu. Akainua mikono yote miwili. "Magoti aliyavuta hivi. Hivi! Akageuka taratibu, taratibu kabisa, nikasema huyu hashuki. Na alikuwa anacheka, Lenora. Yuko juu kule, kichwa chini, namsikia anacheka."

Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hakuyafuta. Mgahawa mzima ulikuwa unamtazama. Sikujua nimwangalie yeye au niangalie sahani.

"Umri wangu wote nimekimbia viwanjani," akasema, "sijapata kuona kitu kama kile."

"Kaa ule, Everett," mama akamwambia kwa upole. "Samaki anapoa."

Hakukaa. Akapiga hatua mbili nyuma, akayakunja kidogo magoti yake mabovu, ili anionyeshe tena tangu mwanzo.