Nimekula Hamna

Mzee Kibao, mwenye duka la sandwichi nyuma ya chuo chetu, hana ugomvi na mtu ila wale wasiojua wanachotaka. Akiuliza, "Nikupe nini?" huyu anajibu, "Sijui." Yule, "Chochote." Siku moja uzalendo ukamshinda, akachukua chaki, akaandika kwenye kibao cha ukutani, hicho kilichompa jina, maneno mawili tu: SIJUI, ambayo ni kuku na kabichi. CHOCHOTE, ambayo ni samaki wa kopo. Basi, ukisema sijui unapewa Sijui, unalipa, unakula, unanyamaza.

Hamna niliizaa mimi. Nilifika jioni, nimechoka, njaa inaniuma. "Kuna nini?"

"Hamna."

"Basi nipe hiyohiyo."

Akanikodolea macho, kisha akakwangua vilivyobaki: yai la mwisho, vitunguu vilivyoungua hadi vikawa vitamu, kipande cha jibini kigumu kama sabuni, pilipili. Jamani! Niliuma mara moja nikafumba macho. Kesho yake ilikuwa kwenye kibao, na tangu hapo nimeila kila siku, mwaka na nusu.

Kosa langu ni ukweli. Tangu muhula huu uanze mama hupiga simu kila mchana. "Umekula nini?"

"Hamna."

"Na jana?"

"Hamna, mama. Na kesho Hamna."

Nilidhani nilishamweleza. Kumbe niliyemweleza ni shangazi.

Jumanne, wiki mbili kabla ya mtihani wa mwisho, nikamkuta mama mlangoni mwa bweni. Begi langu ameshalifunga, godoro kalikunja.

"Twende nyumbani. Sitaki shahada ya marehemu."

"Mama, Hamna ni sandwichi!"

"Njaa imeshampanda kichwani," akamwambia mlinzi.

Nikamkokota hadi dukani, naye kalikumbatia begi. Nikikosa mtihani ule, miaka mitatu yote imekwenda na maji. "Mzee, mwambie mama ninakula nini kila siku!"

"Hamna," akasema Mzee Kibao kwa fahari. "Hakosi, mama. Hata mvua inyeshe anakuja, anakula Hamna, anashukuru, anaondoka."

"Na hawa wengine?" mama akaonyesha foleni.

"Wengi wao Hamna. Wakiikosa, wanakula Chochote."

"Toba!"

"Soma kibao, mama!" nikapiga kelele.

Mama akasoma polepole, kwa sauti. "Sijui. Chochote. Hamna." Akanigeukia. "Kumbe hata hawafichi. Wameandika."

"Mzee, mpe moja aione kwa macho yake!"

Mzee Kibao akakuna kidevu. "Hamna hamna. Hamna imekwisha."

Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la mama yangu lilizidi. Hasira zikanipanda. "Mbona unakuwa mgumu hivi? Wewe mwenyewe umekula nini leo?"

Akatazama viatu vyake. "Hamna."

"Na jana?"

"Hamna, mwanangu. Chakula kitapita wapi, nami najua wewe huku hujala?"

Ndipo nikamwona vizuri. Blauzi ilikuwa imemlegea mabegani, mikono imebaki mifupa. Nikalia mbele ya foleni nzima, wala sikuona haya.

Mzee Kibao akainama chini ya kaunta, akatoa sandwichi iliyofungwa kwenye karatasi. Hamna ya mwisho, aliyojiwekea mwenyewe. "Kula, mama. Mimi nitakula Sijui."

Mama akauma. Akauma tena, kitunguu kinamning'inia mdomoni, na kwa mguu akalisukuma begi kuja upande wangu.

"Rudisha bwenini," akasema. "Ukasome."

Nilikuwa sijaliinua begi vizuri, simu yake ikalia. Ni baba, na sauti yake ilisikika hadi kwenye friji. "Umempata mtoto? Mnakula nini huko?"

"Mama, ngoja, usimwambie..."

"Hamna!" mama akajibu, mdomo umejaa, machozi ya pilipili yanamtiririka. "Hamna, baba watoto! Laiti ungekuwepo!"

Upande wa pili nikamsikia baba akimwuliza mtu basi la kwanza linaondoka saa ngapi.