Ndama wa Majani Makavu

Lotiir alifika kambini Kakuma asubuhi, ngozi ya ndama ikiwa kwapani, akaulizia nyumba ya Akon. Alikuwa ametoka Lopur kwa miguu. Akon alikuwa akimbembeleza mwanawe Mamer, ambaye tangu augue surua alitapika kila kitu isipokuwa maziwa.

"Ejok, Mama Mamer," alisema Lotiir. "Ng'ombe yangu imefiwa na mtoto. Nimejaza ngozi mwenyewe, ikaipiga teke."

Waturkana na Wadinka waligombania kuni na maji bila kuchoka, lakini kwa hili hawakubishana: ng'ombe aliyefiwa hashushi maziwa mpaka alambe ngozi ya ndama wake iliyojazwa majani makavu. Akon aliijua kazi hiyo tangu kwao Bor. Kambini mkimbizi haruhusiwi kufuga ng'ombe, kwa hiyo ujuzi wake ulikuwa umekaa tu.

Wakakubaliana maziwa nusu kwa nusu. Akon akajaza, akashona, akatia matunda mawili ya mkoma mahali pa macho, na kwa kuwa fisi alishakula kwato, akaweka mawe laini ya mtoni. Alipokata uzi, ndama akapiga chafya. Lotiir akamfunga kamba shingoni, wakaenda zao.

Ndama alinyonya chuchu mbili, mbili akawaachia watu. Mamer akaanza kunenepa. Alikuwa mzuri yule ndama, na wa kutisha kidogo: ukimtazama ulitamani kumshika, ukishamshika ulitamani kunawa.

Habari zikamfikia afisa wa shirika moja la Lodwar, mpenda sanaa. Akaja na gari, akamzunguka ndama, akasema hii ni sanamu na mahali pake ni ofisini. Lotiir aliachiwa blanketi. Kwa kuwa ndama alitengenezwa na mkimbizi, ilibidi apewe kibali cha kusafiri, akapewa papo hapo. Ng'ombe akalifuata gari, Lotiir akamfuata ng'ombe. Huko Lodwar ndama alisimamishwa mapokezi, mama yake akafungwa nje ya dirisha, na maafisa wakawa wanakunywa chai ya maziwa.

Akon naye akaomba kibali. Karani akamuuliza sababu ya safari.

"Mtoto yangu anakunywa maziwa ya ile ng'ombe. Sasa amekonda."

"Hiyo si sababu, mama. Rudi wiki ijayo."

Akarudi, akaambiwa vilevile. Akon alikasirika, akasema hivyo kwenye foleni, na foleni nzima ikamuunga mkono. Aliporudi tena, karani alimwita mbele kwa heshima. Ndama alikuwa amepasuka tumboni na majani yalikuwa yanamwagika kwenye zulia.

"Basi nitaenda kushona," alisema Akon.

"Hapana, mama. Lete majani tu na sindano. Watashona wenyewe."

Gunia la majani likapata kibali saa ileile. Akon alichagua majani mazuri, maana kazi mbovu hakuiweza, akampa dereva wa shirika.

Nyumbani Mamer alikuwa amelala chali, mbavu zinahesabika. Aliuliza kama ndama anashiba huko Lodwar.

"Anashiba," alisema Akon, akamgeuza ubavu.