Sababu za Kina Mama Kutoroka Wodini

Rasimu ya kwanza ilirudi na neno moja juu ya ukurasa, kwa wino mwekundu: Rudia. Ya pili ilirudi na neno hilohilo, safari hii limepigiwa mstari. Ya tatu msimamizi wangu alikaa nayo wiki tisa, na nilipokwenda kuiulizia niliikuta chini ya kikombe chake, duara la chai limekauka juu ya kichwa cha habari. Ndiyo maana wanafunzi wake tulimwita Daktari Rudia. Mbele yake tulimwita Daktari tu, tena kwa adabu, tukiwa tumesimama mlangoni kama watu waliokuja kuomba chumvi.

Mimi ni mkunga. Nina miaka kumi na sita katika wodi ya wazazi, na nilirudi chuoni kusomea shahada ya uzamili nikiwa na miaka arobaini na moja, asubuhi darasani, mchana zamu. Sikutafuta cheo. Nilirudi kwa sababu ya mdogo wangu.

Miaka miwili iliyopita mdogo wangu alijifungua katika hospitali yetu, na mtoto akafa kabla hajalia. Siku hizo nilikuwa nimesafiri kikazi. Kesho yake, daktari hajamruhusu, akaondoka wodini kwa miguu yake na damu bado inamtoka. Siku ya nne alirudishwa hajitambui kwa homa, na ili asife ikabidi aondolewe mfuko wa uzazi. Kwenye rejista ya wodi, mbele ya jina lake, paliandikwa: Ametoroka. Mwandiko niliufahamu, ni wa mwenzangu wa zamu tunayemwita Mama Kasi kwa ajili ya mwendo wake.

Nikapekua rejista ya mwaka mzima. Wanawake sitini na mmoja walifiwa na watoto wao wodini kwetu, na ishirini na watatu kati yao wameandikwa wametoroka. Nilitaka kujua kwa nini. Kwa nini mtu mzima mwenye akili zake, tena mdogo wa mkunga, ainuke kitandani anavuja damu ashike njia? Nilimpenda mdogo wangu na nilimkasirikia, na vyote viwili nikavimimina kwenye kurasa ishirini na tano nikaziita pendekezo la utafiti.

Rasimu ya nne Daktari aliisoma mbele yangu. Ofisi yake ina kiti kimoja cha mgeni, na juu ya kiti hicho kuna rundo la tasnifu, kwa hiyo mgeni husimama.

“Hawa kumi na wawili ni akina nani?” aliuliza.

“Ndio nitakaowahoji, Daktari. Kila mmoja nitamfuata kwake, nikae naye, anieleze mwenyewe.”

“Kumi na wawili ni kikao cha familia. Sampuli ni mia tatu themanini na nne.”

Namba hiyo lazima niieleze. Inatokana na kanuni ya hesabu iliyotungwa kwa ajili ya watu wengi sana, lakini katika idara yetu imekuwa kama sare ya shule. Anayetafiti wakulima ana wakulima mia tatu themanini na nne, anayetafiti nyuki ana nyuki mia tatu themanini na nne. Mwenzetu mmoja alitafiti walimu wakuu katika eneo lenye shule arobaini, akasampuli walimu wakuu mia tatu themanini na nne, na akapita.

“Daktari, wodi yetu hufiwa na watoto kama sitini kwa mwaka. Nitawatoa wapi wote hao?”

“Panua eneo.”

“Au nisubiri watoto mia tatu themanini na nne wafe?”

Alivua miwani, akaifuta kwa tai. “Sista, usilete uchungu kwenye utafiti. Pendekezo halilii. Rudia.”

Nilishuka ngazi za ghorofa tatu nikiongea peke yangu, na mlinzi wa mlangoni akanipisha bila kunikagua. Jopo la kupitisha mapendekezo lilikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Bila saini yake nisingeingia, na usajili wangu ulikuwa unakwisha mwezi huohuo. Nilikuwa na hasira mpaka meno yaliniuma.

Nikafanya walichofanya wenzangu wote. Nje ya geti la chuo kuna mchapaji mwenye chumba cha upana wa meza mbili, na ndani ya kompyuta yake yamo mapendekezo ya miaka kumi. Akaniuliza mada. Nikamwambia wanawake wanaotoroka wodini.

“Kutoroka ninayo,” alisema, hata hakuinua macho. “Utoro wa wanafunzi shuleni. Ilipita mwaka juzi bila swali hata moja. Keti, sista, hata nusu saa haifiki.”

Akaamuru kompyuta ibadilishe mwanafunzi kuwa mama na shule kuwa wodi, kote, kwa mpigo mmoja. Sampuli ilikuwa imeshajaa, mia tatu themanini na nne. Hojaji nayo ilikuwepo, visanduku vya kuweka vema. Nilipoipitia nyumbani nikakuta ukurasa wa kumi na nne unasema kwamba kina mama wanaotoroka wodi hukosa vipindi na kufeli mitihani. Nikaiacha hivyohivyo kwa makusudi. Nilitaka kuona.

Daktari Rudia aliipokea rasimu ya tano Jumatatu, na Jumanne alinirudishia imesainiwa. Ukurasa wa kumi na nne hakuugusa. Alikuwa amesahihisha nafasi kati ya mistari. “Sasa unaanza kuandika kama msomi,” aliniambia, na mimi nikamjibu ahsante, Daktari. Ahsante hiyo mpaka leo inanikereketa kooni.

Mdogo wangu anaishi kwangu tangu ndoa yake ivunjike. Anashona nguo sebuleni, cherehani karibu na dirisha. Jumanne hiyo nilitupa makaratasi mezani nikaenda kunawa, na niliporudi nilimkuta ameishika hojaji na penseli yake ya kuchorea vitambaa. Tayari alikuwa amejibu umri, elimu na hali ya ndoa.

“Dada, hapa kwenye sababu, yangu haimo,” alisema. “Kuna umbali, kuna fedha, kuna makundi rika. Makundi rika ndiyo nini?”

“Achana nayo. Weka kwenye Nyinginezo.”

“Wameacha mistari miwili. Haitoshi.”

“Basi niambie mimi, niandike.”

Aliweka penseli chini. “Mimi sikutoroka.”

“Ulitoka kabla hujaruhusiwa. Hivyo ndivyo tunavyoita.”

“Niliambiwa nipishe kitanda. Kulikuwa na mwanamke kwenye benchi na mtoto wake. Sista akaja akaniambia, mama, wewe huna wa kunyonyesha, mpishe mwenzako kidogo. Wala hakuwa mkali. Alinisaidia kukunja nguo zangu. Nikakaa kwenye benchi la koridoni tangu asubuhi mpaka saa tisa, hakuna aliyekuja kunitazama, na kila upande watoto wanalia. Nikaenda nyumbani.”

“Miaka miwili. Kwa nini hukuniambia?”

“Hukuniuliza. Uliniuliza kwa nini nilitoroka. Asubuhi kwa nini ulitoroka, jioni kwa nini ulitoroka. Ningejibu nini, Dada? Swali lako lilikuwa limeshanihukumu.”

Nilikaa kwenye kiti cha wateja wake, juu ya gauni la mtu.

Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Utaratibu ule naujua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu. Asubuhi benchi limejaa wanaosubiri kitanda. Anayeruhusu wagonjwa ni daktari, na daktari hupita alasiri. Basi mama asiye na mtoto tunamsogeza koridoni, kwa muda tu, tunasema. Daktari akifika, mama hayupo. Rejista haiwezi kuonyesha watu wawili katika kitanda kimoja, na hakuna anayetaka kuulizwa kwa nini mgonjwa wake alikuwa kwenye benchi. Tunaandika Ametoroka. Kitanda kimesafishwa, kitabu kimesafishwa, tunakwenda kunywa chai.

Niliwahi kuandika hivyo mimi mwenyewe. Kesho yake nilirudi kwenye rejista na kidole kikapita mstari kwa mstari: kati ya wale ishirini na watatu, tisa wako kwa mwandiko wangu. Niliwahesabu kwa ajili ya utafiti, nikawawekea asilimia, nikawachorea jedwali, na sikuutambua mkono wangu. Mkuki kwa nguruwe. Alipokuwa mdogo wangu ndipo neno lilipoanza kunichoma, na hata hapo hasira yangu nilimtwika yeye.

Niliandika rasimu ya sita kwa siku mbili. Nikawarudisha wanawake wangu kumi na wawili, nikazitupa zile mia tatu. Tamko la tatizo likaanza hivi: Wodi hii huwaondoa vitandani wanawake waliofiwa na watoto, kisha huandika kwamba wametoroka. Mtafiti mwenyewe ameandika hivyo mara tisa katika mwaka mmoja.

Jopo lilikuwa la watu watatu: mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, mwalimu wa takwimu, na Daktari Rudia. Nilipogawa nakala Daktari alifungua yake, akageuza kurasa mbilimbili, masikio yakabadilika rangi.

“Hii siyo niliyosaini.”

“Siyo, Daktari. Ile uliyosaini, ukurasa wa kumi na nne, inasema wagonjwa wangu wanafeli mitihani.”

Mwalimu wa takwimu alikohoa ndani ya ngumi yake. Mwenyekiti aliomba nakala ile, akausoma ukurasa, akaifunga. Kisha aliniuliza maswali kwa saa nzima, maswali ya kweli, na mwisho alisema utafiti ni mzuri na kumi na wawili wanatosha. Moyo ulinidunda kama wa msichana.

“Kuna sentensi moja tu,” aliendelea. “Hii ya mtafiti mwenyewe. Itoe, weka baadhi ya watumishi, na sisi tunasaini sasa hivi.”

“Mtafiti hajiweki ndani ya utafiti,” Daktari aliongeza. Alikuwa amepata pumzi.

“Nilikuwamo kabla sijawa mtafiti, Daktari.”

“Sista,” mwenyekiti alisema, “tunakulinda. Hospitali ikisoma hii utaulizwa wewe wa kwanza. Unaweza kupoteza kazi.”

Akanisogezea kalamu. Niliitazama. Baadhi ya watumishi. Nimefanya kazi na hao baadhi ya watumishi miaka kumi na sita. Ndio wanaopoteza faili, ndio wanaojibu watu vibaya, ndio wanaochelewa kuitikia kengele, na hakuna aliyewahi kukutana nao. Kama nisingeandika kwamba ni mimi, wale wanawake kumi na wawili ningewaingilia majumbani kama mgeni mwema, wanikaribishe, wanihadithie nilichowafanyia, na mimi niitikie kwa kichwa huku naandika. Nilimrudishia kalamu yake.

“Siitoi.”

Nilipewa hadi mwisho wa mwezi kuitoa, vinginevyo usajili unafutwa. Daktari alinikabidhi nakala yake mlangoni, neno lake jekundu liko juu, wino haujakauka. Nilimwambia rasimu ya saba itakuja na sentensi ileile, pale pale ilipo, na kama ni kurudia basi aandae wino wa kutosha. Nilikuwa nimechelewa zamu.

Wodini nilimkuta Mama Kasi anakunja shuka. Daktari wa zamu hajapita bado. Kando ya kitanda alisimama msichana wa miaka ishirini hivi, mtoto wake amefariki alfajiri, viatu mkononi, anangoja kuelekezwa pa kwenda. Kwenye benchi alikaa mama mwingine na kichanga kifuani.

“Huyu anampisha mwenzake kidogo,” Mama Kasi alisema.

“Mwache. Arudi kitandani.”

“Na huyu mwenye mtoto, sista? Nimlaze kichwani kwangu?”

Alikuwa na haki ya kuuliza. Niligeuka huku na huku, vitanda vyote vimejaa, na macho yangu yakaishia kwenye mlango wa chumba chetu cha kupumzikia. Ndani kuna kitanda kimoja, godoro zuri, shuka imenyooshwa, tunapojinyoosha sisi zamu ikitulia. Kutoka kwenye benchi mpaka kwenye kitanda kile ni hatua nane. Nilizihesabu nikiwa nimemshika yule mama mkono, na kila hatua nilitamani kumpiga mtu kofi, ila mtu mwenyewe alikuwa mimi.

“Tukichoka sisi je?” Mama Kasi aliuliza nyuma yangu.

“Tutakaa benchi.”

Alinuna, lakini aliichukua shuka aliyoikunja akaitandika upya. Yule msichana akapanda kitandani taratibu, akajifunika mpaka shingoni, viatu bado mkononi. Nilivichukua nikaviweka chini. Kisha Mama Kasi akakaa mezani, akafungua rejista, akachomoa kalamu nyuma ya sikio kama alivyozoea saa hizo za mchana.

“Daktari yuko ngazini,” alisema. “Na huyu niandike nini?”

“Andika yupo.”