Fungu Zima la Migebuka

Tangu binti yake wa mwisho aolewe Kasulu, Verediana hajajua kupika chakula cha mtu mmoja. Asubuhi hiyo alirudi tena nyumbani Katubuka kutoka sokoni na fungu zima la migebuka, samaki wa ziwani, akakaa uani kuwapara huku akijilaumu.

Jirani yake Consolate, mjane aliyehamia kutoka Burundi zamani, alichungulia juu ya ua wa matete.

“Mama Recho, una wageni?”

“Wageni watoke wapi? Mkono umezoea tu. Jana nimemwaga ugali mpaka nikaona aibu.”

Consolate akaangua kicheko. “Kwani unadhani kuku wangu wamenenepa kwa nini?”

Verediana naye akacheka. Kumbe muda wote huo kila mmoja alikuwa akimwaga chakula upande wake wa ua!

“Basi songa ugali wa muhogo, dada,” alisema. “Mimi naunga samaki kwa mawese.”

Mchana Consolate aliingia na ugali wa moto. Wakala jamvini, wakizungumzia bei ya mkaa na wajukuu wasiopiga simu. Tangu harusi ile, Verediana hakuwa amekula akashiba namna hiyo.